Gari linatetemeka baada ya kulitengeneza wenyewe? Anza na pale mlipogusa

Jumamosi ile saa 10 jioni tulifunga boneti, mimi na kijana wangu, tukagonga tano. Saa 10 na dakika 5 tulikuwa hatuongei.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Gari letu ni Toyota ya silinda 4 yenye injini ya 1NZ, ile unayoikuta kwenye IST nyingi hapa Dar es Salaam. Plagi zilikuwa zimefikia muda wake, eya klina ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mgahawani, na throto, lile tundu lenye kipepeo linaloruhusu hewa kuingia kwenye injini, lilikuwa limejaa masizi. Kijana yuko kidato cha pili, alikuwa likizo, na siku nzima anashinda na simu. Nikaona badala ya kumgombeza kila saa, nimpe spana. Na sitawaficha, nilitaka pia kuokoa hela ya ufundi. Mwezi ulikuwa kwenye tarehe mbaya.

Tuligawana kazi. Yeye achomoe koili 4 zinazokaa juu ya plagi, afungue plagi za zamani, aweke mpya. Mimi nitoe paipu nene ya hewa, nisafishe throto, kisha nirudishe. Alifanya kazi yake taratibu, ananiuliza kila hatua, hadi mimi nikamaliza upande wangu nikawa namsubiri. Nilijiona fundi.

Injini ikawaka kwa mkupuo mmoja. Tukatabasamu. Halafu ikaanza.

Mshale wa mizunguko ulikuwa unapanda hadi karibu 1,100, unashuka hadi 500, unapanda tena, kama mtu anayehema baada ya kupanda ngazi za ghorofa ya tano. Usukani unatikisika mkononi. Kioo cha pembeni kinacheza hadi huoni kilicho nyuma. Nikikanyaga mafuta kidogo, linatulia. Nikiachia, linaanza upya.

"Ulichomeka vizuri hizo koili?" nikamuuliza.

"Nilichomeka, baba."

"Basi hukuchomeka vizuri."

Hakujibu. Akanawa mikono, akaingia ndani. Mimi nikabaki na boneti wazi, na Jumatatu asubuhi bibi yao ana kliniki ya presha, natakiwa kuwa naye hospitali saa 1.

Nikampigia fundi wangu. Nikamweleza dalili, hakuniacha nimalize. "Mzee, hiyo ni koili hiyo. Ukibadili plagi, koili za zamani zinagoma. Nikutafutie?" Bei aliyonitajia ilikuwa Sh45,000 kwa moja, na akanishauri nibadili zote 4 kabisa nisihangaike tena. Nilikuwa natafuta kuokoa hela ya ufundi, sasa naambiwa Sh180,000. Nikamwambia nitamrudia.

Swali lililotuokoa halikutoka kwangu wala kwa fundi. Lilitoka kwa mama watoto Jumapili mchana, yuko na ungo wa mchele, hata kichwa hakuinua.

"Jana asubuhi lilikuwa linatetemeka?"

Nikamwambia hapana, jana asubuhi lilikuwa zima, tulikwenda nalo sokoni.

"Sasa hiyo koili imekufa saa ngapi?"

Nikaanza kumweleza habari za umeme wa magari. Akanikatisha. "Mimi nikirudi nyumbani nikikuta sina pochi, siendi kuitafuta Kariakoo nzima. Narudi meza niliyosimama mwisho. Nyie mlisimama wapi mwisho?"

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kufungua kitu chochote kwenye gari lako, ukafunga, na likaanza kutetemeka likiwa sailensa (mafundi wetu wanaita hivyo pale injini inaponguruma gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta), swali la mama huyu liandike kwenye karatasi ulibandike ukutani. Gari lilikuwa zima kabla hujaligusa. Sasa si zima. Katikati ya hizo saa mbili au tatu, kilichobadilika ni mikono yako. Inawezekana kabisa koili ikafa siku hiyohiyo kwa bahati mbaya, hasa ikichomolewa kwa nguvu baada ya miaka mingi. Lakini hiyo ni ya kufikiria mwisho, baada ya kukagua kila ulichogusa. Wengi wetu tunaanza na dukani. Tunabadili kitu cha kwanza, hakisaidii, tunabadili cha pili, na mwisho inagundulika ni soketi ya umeme iliyokuwa haijaingia hadi mwisho.

Sasa twende kwenye dalili, maana gari linasema, ila tunalikatisha kama fundi alivyonikatisha mimi.

Jambo la kwanza la kujiuliza: mtetemo upo sailensa tu, au upo hata ukikanyaga mafuta? Kama silinda moja haichomi kwa sababu koili au plagi yake ina tatizo, injini inafanya kazi kwa silinda 3. Itatetemeka sailensa, na ukikanyaga mafuta bado utasikia inakosa nguvu, hasa kwenye mlima. Inamisi, kama tunavyosema mtaani. Lakini kama ukikanyaga mafuta inatulia kabisa na ukiachia inaanza kupanda na kushuka, mshuku hewa kwanza. Kuna hewa inaingia kwenye injini kupitia mlango ambao haupaswi kuwepo.

Kwa nini hewa isumbue sailensa tu? Chukua kikombe cha chai na ndoo ya maji. Tia kijiko kimoja cha chumvi kwenye kila kimoja. Chai hainyweki, ndoo huenda hata usijue. Injini ikiwa sailensa kipepeo cha throto kimekaribia kufunga, hewa inayopita ni kidogo sana, kama kikombe. Ufa mdogo kwenye mpira ukiongeza hewa ya wizi hapo, mchanganyiko wa hewa na petroli unaharibika. Hewa inakuwa nyingi, petroli inakuwa kidogo, injini inachoma vibaya. Kompyuta inajaribu kurekebisha, inapandisha, inazidisha, inashusha, inapunguza mno, na ndiyo maana mshale unacheza. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kinafunguka, hewa inaingia ndoo nzima, na ule wizi mdogo unamezwa.

Gari letu lilikuwa linasema hivyo tangu Jumamosi. Lilitulia nikikanyaga mafuta. Kazi ya koili aliifanya kijana. Kazi ya mipira na paipu za hewa niliifanya mimi.

Nilikaa na hilo jambo kama dakika kumi kabla sijaenda kugonga mlango wa chumba chake.

Nilimwambia nilimlaumu kabla ya kuangalia, na kwamba inaonekana kosa lipo upande wangu. Akasema, "Sawa." Hakuna zaidi. Watoto wa umri huo msamaha wao hauna maneno mengi, na nadhani hata kisasi chao pia. Nikamwambia nahitaji msaada, sikumbuki nilifungua nini kwa mpangilio gani. Hapo ndipo akachukua simu.

Ile simu ninayomgombeza nayo kila siku ilikuwa na picha 11. Kabla hatujafungua chochote alikuwa amepiga picha injini nzima, halafu kila tulipotoa kitu akapiga nyingine. Hakuniambia, na mimi sikumwona, nilikuwa nimeinama kwenye throto yangu. Ukitaka kujaribu kazi ya namna hii nyumbani, hili ni la kwanza kabisa kabla ya spana: piga picha, kutoka juu, kutoka kushoto, kutoka kulia, na karibu kwenye kila soketi na kila mpira.

Tukafungua boneti, injini ikiwa ya baridi, tukalinganisha picha na kilichopo.

Koili zote 4 zilikuwa mahali pake, kila soketi imeingia hadi ule mlio wa "ta", kila bolti imekaza. Kijana alikuwa amefanya kazi safi kuliko mafundi wengi niliowahi kuwalipa. Soketi ya sensa ya hewa imechomekwa. Boksi la eya klina limefungwa, klipu zote zimeshika. Paipu nene imeingia vizuri.

Kisha akasogeza picha moja akaikuza kwa vidole viwili. "Baba, hii klipu ilikuwa hapa chini. Sasa hivi iko katikati."

Ilikuwa klipu ya mpira wa unene wa kidole gumba, unaotoka kwenye kava la juu la injini na kuingia kwenye manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda. Kazi yake ni kurudisha mvuke na moshi wa ndani ya injini ukachomwe tena. Mpira ule ulinizuia kufikia bolti ya throto, nikauzungusha kwa plaizi nikauchomoa, na wakati wa kurudisha nikausukuma tu kwa mkono. Kwa juu ulionekana umeingia. Nikapitisha kidole kwa chini. Ulikuwa umepasuka, ufa wa kama sentimita moja, kwenye ncha. Mpira wa miaka mingi unakuwa mgumu kama kiatu kilichonyeshewa kikaanikwa juani, na ukiuzungusha kwa plaizi unakatika.

Hatukuamini kidole peke yake. Tuliwasha injini, nikaubana mpira ule juu kidogo ya ncha iliyopasuka kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Mshale haukubadilika sana, maana ufa ulikuwa kati ya nilipobana na manifodi. Basi kijana akaleta chupa ya kupulizia maji ya mama yake ya kupigia pasi. Akapuliza ukungu kidogo palepale kwenye ufa. Injini ikabadili sauti papo hapo, kama mtu aliyekatishwa usingizi, halafu ikarudi kwenye kutetemeka kwake. Maji yaliziba ufa kwa sekunde moja, na injini ikajibu. Akapuliza tena, ikajibu tena. Hapo kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Hapa naomba niseme jambo kwa herufi nzito. Mafundi wengine wanatafuta uvujaji wa hewa kwa kupuliza petroli au ile dawa ya kusafishia throto juu ya injini inayonguruma. Vitu hivyo vinashika moto, na injini ina bomba la moshi lenye joto kali na cheche za umeme. Ukiwa na mtoto pembeni usithubutu. Maji kidogo ya kupuliza yanatosha, ukiyaweka mbali na soketi za umeme. Au chukua kipande cha mpira mwembamba kama ule wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe taratibu kando ya mipira ya hewa, mbali na feni na mikanda. Penye ufa utasikia mluzi.

Matengenezo yetu hayakugharimu kitu. Mpira ulikuwa na urefu wa ziada, tukakata ile ncha iliyopasuka, tukaurudisha hadi mwisho, klipu ikakaa mahali pake pa zamani kama kwenye picha. Ni tiba ya muda. Mpira ukishaanza kupasuka upande mmoja, upande wa pili unafuata, na siku ya pili yake tuliagiza mpya.

Tukawasha. Mshale ukapanda juu ya 1,000, ukakaa huko, na mimi moyo ukashuka. Lakini hili nalo lina maelezo yake. Masizi yanapojaa kwenye throto polepole kwa miaka, kompyuta ya gari inajifunza kufungua njia ya hewa zaidi kidogo ili injini isizime. Ukisafisha ghafla, kompyuta bado inafungua kwa kipimo cha zamani, kwa hiyo hewa inazidi. Na kama ulichomoa betri, imesahau ilichojifunza, inaanza upya. Magari mengi yanahitaji dakika kadhaa za kunguruma sailensa bila AC wala taa, injini ikishapata joto, kisha mwendo wa kawaida, ndipo yatulie. Mengine yana utaratibu wake wa kufundishwa upya, na hapo kitabu cha gari au fundi mwenye mashine anahusika. Letu lilichukua kama robo saa. Mshale ukashuka polepole hadi karibu 700, ukatulia.

Si kila mtu atakuwa na kosa la mpira kama langu, kwa hiyo nitaje mengine kwa haraka, kila moja kwa kazi uliyofanya.

Ulibadili plagi? Angalia kwanza soketi za koili, moja inaweza kuonekana imeingia kumbe haijashika. Kwenye magari ambayo nyaya zinafika silinda ya jirani, hakikisha hukubadilishana. Magari ya zamani yenye waya za plagi na distribyuta ndiyo hatari zaidi, ukichanganya waya mbili tu linatetemeka na kupiga makombora kwenye ekzosi. Mpangilio wa kuchoma kwenye injini nyingi za silinda 4 ni 1, 3, 4, 2. Chomoa waya mmoja, badili plagi, rudisha, ndipo uende wa pili, hutachanganya.

Plagi iliyoanguka sakafuni isiwekwe, hata kama inaonekana nzima. Ule udongo mweupe ukipata ufa usioonekana, cheche inapita pembeni, na ncha ikigonga chini mwanya wake unabadilika. Plagi zinazotumika sana kwenye injini kama yetu, K16R-U11 ya Denso au BKR5EYA-11 ya NGK, ile 11 mwishoni inamaanisha mwanya wa milimita 1.1. Kipimo kinapimwa kwa fila geji, kile kibunda cha vipande vyembamba vya chuma, hakiuzwi ghali. Na ukiingiza plagi, izungushe kwa vidole kwanza, ikigoma itoe uanze tena. Kichwa cha injini ni alumini, nyuzi zake ukizivuka kwa spana, utalia. Plagi mpya yenye wosha, ikishagota kwa mkono, nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana inatosha. Watoto wanapenda kukaza hadi mishipa ya shingo itoke, na baba zao pia.

Ulikuta oili kwenye shimo la plagi? Hiyo haikuletwa na wewe, lakini sasa unaijua. Ni gasketi na mipira ya kava la juu imechoka. Oili ikilowanisha shingo ya koili, cheche inapotea njiani.

Ulitoa eya klina? Angalia soketi ya sensa ya hewa, hii inasahaulika kila siku. Angalia kama eya klina imekaa kwenye mfereji wake, na kama hamkusahau kitambaa ndani. Msicheke, hili limetokea kwa mtu ninayemfahamu, na ni mhandisi.

Ulifungua throto yote? Gasketi yake ilirudi, au ilibaki imeganda kwenye meza?

Kama umerudia kila hatua na hujaona kitu, hapo sasa ndipo mashine ya kupimia inapofaa. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na simu, na mafundi wengi siku hizi wanavyo. Ukisoma P0301, tatizo la kuchoma liko silinda ya 1. P0302 silinda ya 2, na kuendelea. P0300 ni silinda zaidi ya moja bila mpangilio. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na hiyo inakurudisha kwenye mipira. Lakini kodi haikwambii ununue nini. Ikionyesha P0302, zima gari, hamisha koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3, na ya 3 uilete ya 2, futa kodi, endesha kidogo, pima tena. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu, nenda kanunue moja, si 4. Ikibaki P0302, koili haina kosa, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Jaribio hili halina gharama, na fundi asiyetaka kulifanya kabla ya kukuuzia koili, mwulize kwa nini.

Sasa, kuna hali ambazo hutakiwi kuendelea kujaribu na mtoto uani. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo huku gari linatetemeka, usiliendeshe. Petroli isiyochomwa inakwenda kwenye ekzosi, inaunguza kile kisafisha moshi, na kinapata joto la kutisha. Ukinusa petroli mbichi, zima, fungua boneti, kaa mbali. Ukisikia vyuma vinagonga ndani, zima. Na hili wengi hawalijui: kuna mpira mnene unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye kisaidizi cha breki, lile dishi jeusi nyuma ya breki. Ukivuja, gari linatetemeka vilevile kama letu, lakini pedali ya breki inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Ukikuta breki ngumu, hata nje ya geti usitoke.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, nimalizie usalama wa mtoto. Feni ya rejeta kwenye magari mengi inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote swichi ikiwa imewashwa, hata injini ikiwa haizunguki. Kwa hiyo funguo inakuwa mfukoni mwa mzazi mikono ikiwa ndani. Nywele ndefu zifungwe, ushungi uingizwe ndani ya nguo, bangili na kamba za sweta zitoke kabla ya kuwasha. Jaribio la injini inayonguruma lifanyike nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Moshi ule una gesi isiyo na harufu wala rangi, inakulaza kabla hujajua umelewa. Kuchomoa soketi ya koili injini ikiwa inazunguka, kama mafundi wanavyofanya kusikiliza, mtoto asifanye. Umeme wa pale ni wa maelfu ya volti. Zima, chomoa, ndipo uwashe usikilize kwa sekunde chache.

Nilimpigia fundi wangu Jumapili usiku kumwambia asinunue koili. Akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia mpira. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aah, nilitaka nikuambie uangalie na mipira pia." Sawa, fundi.

Jumatatu saa 12 asubuhi tulitoka Tabata, bibi mbele, kijana kiti cha nyuma, alisema anataka kusikiliza gari. Kwenye mataa ya Buguruni foleni ilikuwa imelala kama kawaida yake. Tulikaa hapo muda. Bibi akageuka, akaangalia usukani, akaniuliza kama gari limezimika.

Kijana akajibu kabla yangu. "Hapana bibi, liko sailensa."